Mionzi, vibali na mikataba: maswali ambayo watu wa Tanga huuliza mara kwa mara

Maswali haya ni ya mawakala wa forodha bandarini, wanunuzi wa skrepa, mafundi wa kuchomelea, wauza viungo wa Muheza na wagonjwa walioandikiwa picha hospitalini. Tumeyaacha karibu kama yanavyoulizwa. Anayetaka leseni aende kwa mwenye mamlaka (swali la 5). Ukurasa huu hautoi leseni.

## Ya mwanzo

1. Tanzania haina kinu cha nyuklia. Kuna nini cha kudhibiti?

Ni kweli, hatuna kinu cha umeme wala cha utafiti. Lakini mionzi haikungoja kinu. Imo kwenye mashine za eksirei, kwenye vipimo vya viwandani vinavyoangalia unene au ujazo wa malighafi, kwenye vifaa vya kukagua viungo vya mabomba, na kwenye tiba ya saratani. Kila kimoja kinataka mtu wa kukiruhusu kiingie nchini, wa kukikagua kikiwa kazini, na wa kujua kimekwenda wapi kikichakaa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Ajali nyingi zilizoua raia wasiojua chochote kuhusu nyuklia zilitokana na vifaa vya namna hii, wala si na vinu (swali la 15).

2. Na Tanga inahusikaje?

Inahusika tangu zamani. Miaka ya 1970, kwenye ranchi ya Mkwaja, eneo ambalo sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, wataalamu walijaribu kupunguza mbung'o kwa kuachia mbung'o wenzao waliofanywa tasa kwa mionzi. Kisha ikaja kazi kubwa zaidi. Taasisi ya utafiti wa mbung'o iliyopo hapa Tanga, ikisaidiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilifuga mbung'o kwa mamilioni. Walilelewa kwa shida kama watoto wa kifalme, maana mbung'o hali kingine ila damu. Madume yakapitishwa kwenye mionzi ya gamma, yakapakiwa kwenye ndege ndogo na kumwagwa juu ya Unguja, ambako idadi ya mbung'o ilikuwa imeshapunguzwa kwa dawa.

Kati ya 1994 na 1997 waliachiwa zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja. Akimpata dume tasa, hazai tena. Mbung'o wa mwisho wa porini kisiwani alinaswa Septemba 1996, na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, ikawaacha ng'ombe wa Unguja.

Mbung'o hao hawakubaki na mionzi mwilini, kama vile mtu habaki nayo baada ya eksirei. Ila chanzo kilichowafanya tasa kilikuwa na nguvu ya kumdhuru mtu, nacho kilihitaji kibali, ukuta mnene, mlango wenye kufuli na daftari la kumbukumbu. Kila manufaa ya mionzi yanakuja na mzigo huo wa ulinzi.

3. Mionzi yote ni hatari? Minara ya simu je?

Minara ya simu hutoa mawimbi ya redio, ambayo hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya gamma au eksirei. Ina viwango vyake, lakini ni habari nyingine.

Mionzi tunayoizungumzia hapa hupimwa kwa milisiveti. Kwa wastani wa dunia, binadamu hupata takribani 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga, hata kama hajawahi kufika hospitali. Juu ya hiyo, kiwango kinachokubalika kimataifa kwa raia kutokana na shughuli zenye leseni ni 1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mionzi ana kiwango chake (swali la 13).

4. Usalama wa nyuklia na ulinzi wa nyuklia si jambo moja?

Ni ndugu, lakini kila mmoja ana kazi yake. Usalama unazuia kifaa kisimdhuru mtu kwa bahati mbaya: kuta, mafunzo, vipimo. Ulinzi unazuia mtu mwenye nia mbaya asikiibe au kukiharibu: walinzi, kengele, kuchunguza wanaoajiriwa. Kuna na la tatu, la kuhakikisha nchi haigeuzi urani kuwa silaha (swali la 9).

Wakati mwingine hawa ndugu wanagombana. Mtu wa usalama anataka alama kubwa mlangoni ili mpita njia ajue. Mtu wa ulinzi anataka watu wachache wajue kilichomo. Mdhibiti mzuri ndiye anayewapatanisha. Kwa sababu hiyohiyo ukurasa huu hauorodheshi vyanzo vya sasa vipo jengo gani mjini, na hata ukiuliza hatutajibu.

## Nani mwenye mamlaka

5. Kibali kinatoka Arusha, Dodoma au Vienna?

Kinatoka kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye ofisi Arusha na kwenye kanda. Inafanya kazi kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya 2003. Kabla ya hapo ilikuwapo Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyozaliwa na sheria ya 1983. Wizara yake ni ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

Kumiliki, kuingiza, kutumia, kusafirisha au kutupa chanzo cha mionzi bila idhini ya Tume ni kosa. Leseni ya biashara ya halmashauri haitoshi, na kibali cha bandari hakichukui nafasi yake.

6. Shirika la Kimataifa laweza kuja kufunga kiwanda Tanga?

Haliwezi. Shirika lilianzishwa 1957, makao yake yako Vienna, na Tanzania ni mwanachama tangu 1976, lakini halina askari, mahakama wala mamlaka ya kumtoza faini mtu wa Pongwe. Linaandika viwango, nchi ndiyo inayovigeuza kuwa sheria. Mwenye wajibu wa kwanza ni mwenye leseni, juu yake ni mdhibiti wa taifa, na nyuma ya mdhibiti ni serikali.

Watu wengi wanalisahau hili. Wanadhani kuna jicho kubwa Ulaya linaloona kila kontena. Hakuna. Kama mkaguzi wa hapa hakwenda kuangalia, hakuna mwingine atakayekwenda kwa niaba yake.

7. Basi ushirikiano huo wa kimataifa unatufaa nini?

Unatufaa sana, ila si kwa namna inayoonekana kwenye picha za mikutano.

Kwanza kuna viwango vilivyokwisha kupimwa. Nchi isiyo na kinu haina sababu ya kubuni upya kanuni za kusafirisha vyanzo vya mionzi kama kobalti. Zipo, zinafanana duniani kote, na dereva anayetoka nchi moja kwenda nyingine anakuta lebo zilezile. Halafu kuna watu. Wakaguzi wetu wanasomeshwa pamoja na wenzao wa Afrika kupitia mpango wa ushirikiano wa bara ulioanza 1990, na tangu 2009 kuna jukwaa la wadhibiti wa nyuklia wa Afrika, ambapo mtu wa Arusha anaweza kumuuliza mwenzake wa nchi nyingine alivyotatua tatizo lilelile. Umoja wa Ulaya nao una mfuko wa kusaidia wadhibiti wa nchi za nje.

Kuna pia habari za siri na nusu siri. Tangu 1995 Shirika lina hifadhidata ya matukio ya vyanzo vilivyopotea, kuibwa au kukamatwa mikononi mwa wasiohusika. Nchi moja ikipoteza chanzo, jirani anajua cha kutafuta mpakani.

Na kuna ukaguzi wa rika: wataalamu wa nchi mbalimbali wanakuja kwa mwaliko, wanakaa na mdhibiti, wanasoma sheria zake, wanamfuata kwenye ukaguzi, kisha wanaandika palipo na pengo. Tanzania imewahi kualika ukaguzi huo. Ripoti ya namna hiyo haina adhabu, lakini ina aibu, na aibu mbele ya wenzako wa kazi si kitu kidogo.

Udhaifu upo. Kifaa cha kupimia kikiletwa kwa msaada, fedha za kukisahihisha kila mwaka lazima zitoke kwenye bajeti yetu. Zisipotoka, kinabaki pambo la kabati.

8. Mikataba yenyewe ni ipi, na ilitoka wapi?

Mingi ilizaliwa na majanga. Kinu cha Chernobyl kililipuka 26 Aprili 1986, na Wasovieti walikaa kimya. Dunia ilishtuka 28 Aprili, pale wafanyakazi wa kinu cha Forsmark huko Sweden walipokutwa na vumbi la mionzi ambalo halikuwa la kwao. Septemba mwaka uleule ikapitishwa mikataba miwili: mmoja wa kutoa taarifa mapema ajali ikiweza kuvuka mpaka, mwingine wa kusaidiana. Kwa kasi ya diplomasia, hiyo ni mbio.

Ulinzi wa vitu vya nyuklia una mkataba wa 1980, uliorekebishwa 2005. Marekebisho yakaanza kutumika 2016. Usalama wa vinu vya umeme una mkataba wa 1994. Vyanzo vya kawaida, hivi vinavyotuhusu sisi zaidi, vina Kanuni ya Maadili ya 2003. Hiyo si mkataba: nchi inaahidi kuifuata, haifungwi kisheria. Ukiniuliza mimi, mambo yamekaa kinyume, maana vilivyoua watu mitaani ndivyo vyenye karatasi laini kuliko zote.

9. Wakaguzi wa Vienna wanatafuta nini kwetu, na hatuna silaha?

Wanathibitisha hilohilo. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia na kwenye Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo 1996 na kuanza kutumika 2009, unaoifanya Afrika ukanda usio na silaha za nyuklia. Makubaliano yetu ya ukaguzi na Shirika, pamoja na itifaki yake ya nyongeza, yanatumika tangu 2005.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya urani ya Mto Mkuju, Namtumbo. Nchi inayochimba inatakiwa kueleza kiasi gani kimetoka na kimekwenda kwa nani.

## Bandarini, mpakani na sokoni

10. Nauza iliki na pilipili manga za Muheza. Cheti cha mionzi cha nini, wakati shamba langu halijui hata eksirei?

Cheti hakikutuhumu. Baada ya Chernobyl, maziwa, nyama na uyoga vyenye sesiamu, kitu cha mionzi kilichotoka kwenye kinu kile, vilizunguka kwenye biashara ya dunia, na nchi nyingi zikaanza kudai vipimo. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinavyotumika sana kwenye biashara ya chakula, vinaweka mwongozo wa bekereli (kipimo cha wingi wa mionzi) 1,000 kwa kilo kwa sesiamu. Ulaya, kwa mizigo iliyoguswa na Chernobyl, iliweka 370 kwa maziwa na chakula cha watoto na 600 kwa vinginevyo. Kwa hiyo muulize kwanza mnunuzi wako nchi yake inataka nini.

Tume huchukua sampuli, huipima maabara, na kuandika kilichopatikana. Malalamiko ya wafanyabiashara kuhusu gharama na kuchelewa yana haki: viungo vinavyongoja karatasi vinapoteza harufu na bei. Dawa nzuri kuliko kulalamikia kipimo ni nchi za Afrika Mashariki kutambua vyeti vya wenzao, ili mzigo uliopimwa upande mmoja wa mpaka wa Horohoro usipimwe tena upande wa pili.

11. Mzigo ukipita kwenye skana ya bandarini, chakula kinabaki na mionzi?

Hapana. Skana ikizimwa, hakuna kinachobaki kwenye mchele wala kwenye mafuta ya kula. Anayepaswa kujihadhari ni dereva: ashuke, asimame aliposimamishwa, na asirudi kwenye gari mpaka aambiwe.

Na gari la Japani? Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, hofu ilikuwa vumbi la sesiamu kwenye bodi na vichujio vya hewa, na bandari za Japani zilianza kupima magari kabla ya kupakia. Gari likikutwa na vumbi hilo huoshwa na kupimwa upya. Chuma chenyewe hakikugeuka kuwa cha mionzi.

12. Kampuni yetu inataka kuingiza kipimo chenye chanzo cha mionzi. Tuanze wapi?

Msianze na meli. Anzeni na Tume, kabla hata ya kulipa. Watataka kujua ni chanzo cha aina gani, kina nguvu kiasi gani, kitawekwa wapi, nani mtaalamu wa kukisimamia, na, hapa ndipo wengi hukwama, kitarudi wapi kikiisha kazi. Wekeni kwenye mkataba wa ununuzi kwamba muuzaji atakirudisha kwake. Asipokubali, tafuteni mwingine.

Vyanzo vimepangwa katika makundi 5, la 1 likiwa hatari zaidi. Kwa makundi mawili ya juu, mwongozo wa kimataifa unataka nchi inayouza ijiridhishe kuwa mnunuzi ameruhusiwa na mdhibiti wake, na kwa kundi la 1 nchi inayopokea itoe ridhaa kwanza. Hapo ushirikiano unafanya kazi bila kelele: karatasi ya Tume isipokuwepo, mzigo hauondoki huko ulipo.

## Kazini na hospitalini

13. Mume wangu kapata kazi ya kupiga picha viungo vya mabomba. Nimwachie aende?

Ni kazi halali yenye ujira mzuri, na mahali panapojengwa mabomba na matangi haikosekani. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani limeongeza maswali haya mjini.

Kifaa kinachotumika mara nyingi kina iridiamu, chuma cha mionzi ambacho nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 74 hivi, lakini kikiwa kipya ni kikali mno. Mume aulize mambo haya kabla ya kusaini: je, kampuni ina leseni ya Tume? Atapewa beji yake mwenyewe ya kupimia mionzi, isiyoazimwa? Kuna kipimo cha mkononi kinachofanya kazi? Nani msimamizi wa usalama wa mionzi? Kiwango cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka kwa kipindi cha miaka 5, na kisizidi 50 kwa mwaka wowote.

Umbali ni kinga ya bure: ukisimama mita 2 badala ya 1, unapata robo tu. Na baada ya kila picha, kipimo cha mkononi kithibitishe kwamba chanzo kimerudi ndani ya kasha lake. Morocco, 1984, chanzo cha iridiamu kilidondoka bila kugunduliwa, mpita njia akakiokota na kukipeleka nyumbani. Watu 8 walikufa. Peru, 1999, fundi wa kuchomelea alikiokota kimoja na kukitia mfuko wa nyuma wa suruali, alipoteza mguu. Wote wawili waliona kipande cha chuma tu.

14. Nimepigwa eksirei mara nyingi mwaka huu. Nimezidisha?

Wagonjwa hawana kikomo cha idadi, kwa sababu picha inayohitajika haikataliwi kwa hesabu. Picha ya kifua ni kama 0.1 ya milisiveti au chini yake. CT ya tumbo (eksirei ya tabaka nyingi kwa kompyuta) yaweza kufika 8 hadi 10, kwa hiyo hiyo isiagizwe kwa mazoea. Muulize daktari picha itabadilisha nini kwenye matibabu, na mweleze ulizokwisha kupiga. Mama mwenye ujauzito, au anayeuhisi, aseme kabla ya kuingia chumbani, asingoje kuulizwa.

## Skrepa na dharura

15. Kwa nini kila mara mnawaandama wauza skrepa?

Kwa sababu wao ndio wanaokutana nacho mwanzo, na ndio wanaoumia mwanzo.

Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, vijana wawili waliingia kwenye jengo la kliniki iliyohama, ambamo mashine ya tiba ya saratani ilikuwa imeachwa. Walikibomoa kichwa chake, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani kulikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa kibuluu gizani. Ukapendeza. Mnunuzi akawagawia ndugu na marafiki. Mtoto wa miaka 6 akauchezea. Watu wakaanza kuharisha na kutapika, na hakuna aliyehusisha. Mke wa mnunuzi ndiye aliyeshuku: alikitia kile chuma ndani ya mfuko, akapanda basi, akakipeleka ofisi ya afya. Aliokoa wengi, yeye alikufa, na yule mtoto, na wengine wawili. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa wamechafuka.

Mexico, mwishoni mwa 1983, vipande vya kobalti vya mashine ya hospitali viliyeyushwa vikawa nondo na miguu ya meza. Viligunduliwa Januari 1984 kwa bahati tu, lori la nondo lilipopita karibu na maabara ya Los Alamos, Marekani, na kuwasha kengele. Baadhi ya nyumba zilizojengwa kwa nondo hizo zikabomolewa. Thailand, 2000, walikufa 3. Delhi, 2010, alikufa 1. Zote skrepa.

Tanga ina yadi za skrepa, na ina bandari. Mwenye yadi anayemudu kununua kipimo cha mkononi, anunue.

16. Nimekuta kasha zito lenye alama ngeni ndani ya mzigo. Nifanye nini?

Usilifungue, usilipige nyundo, usilihamishe. Ondoka, waondoe wengine, na weka umbali wa mita 30 kuzunguka. Piga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto, useme wazi kwamba unashuku mionzi, ili Tume iitwe. Kama ulilishika, nawa mikono, usile wala kuvuta sigara, na usiende nyumbani kabla ya kuandikishwa na kupimwa.

Alama ya zamani ni mapanga matatu meusi, kama ya feni, kwenye njano. Tangu 2007 vyanzo vikali vimeongezewa pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu na mtu anayekimbia, kwa sababu yale mapanga hayakumtisha mtu asiyeyajua. Uzito usio wa kawaida kwa ukubwa wa kasha nao ni dalili: huenda ni madini ya risasi ya kukinga mionzi.

Mnaoogopa kuonekana mmepiga kelele bure, pigeni. Kasha tupu halimuudhi mkaguzi kama lililofunguliwa.

17. Likitokea kubwa, nani anamwambia nani?

Waliopo eneo la tukio huliita jeshi la polisi na Zimamoto, wao huiita Tume. Tume hupima na kushauri serikali. Kama madhara yaweza kuvuka mpaka, serikali huarifu Shirika na majirani (swali la 8). Kama uwezo wa ndani hautoshi, huomba msaada, na Shirika huzitafuta nchi zenye madaktari wa mionzi au vifaa vya kukitoa chanzo.

Vidonge vya ayodini havisaidii kwa sesiamu, kobalti wala iridiamu. Vinakinga tezi ya shingo dhidi ya ayodini ya mionzi, ambayo hutoka kwenye ajali za vinu. Chumvi ya kula, hata ile ya Sahare, haina kazi hapo kabisa.

## Mambo ya pembeni

18. Kenya ikijenga kinu pwani, sisi tuna kauli gani?

Mpango wa kwanza ulitaja Uyombo, Kilifi. Wakazi waliupinga, na macho yakahamia Siaya, karibu na Ziwa Victoria. Swali linabaki na maana, kwa sababu kaskazi ikivuma hutoka huko kuja kwetu.

Miongozo ya Shirika kwa kinu kikubwa hutenga kilomita 3 hadi 5 za kuhamisha watu mapema, 15 hadi 30 za hatua za haraka, na hadi 300 za kuangalia chakula. Kilifi ingeiweka Tanga ndani ya hiyo ya mwisho: maziwa, samaki na mboga vingepimwa. Leseni ingetolewa na mdhibiti wa Kenya, aliyeundwa kwa sheria ya 2019, nasi tusingekuwa na kura. Tungetarajia kuarifiwa mapema, na tungekuwa na sababu nzuri ya kufanya mazoezi ya dharura pamoja kabla ya siku hiyo. Kinu kikienda Siaya, maswali haya yanahamia Mara na Mwanza.

19. Mkandarasi wa Mombasa ana leseni ya Kenya. Aje na kifaa chake Tanga kwa wiki moja, si sawa?

Si sawa. Leseni haivuki Horohoro. Anahitaji idhini ya Tume ya kuingiza, kutumia na kurudisha, na mdhibiti wa kwao ajue kifaa kimetoka. Anayemwajiri Tanga aione idhini hiyo kwa macho kabla ya kazi kuanza. "Kazi ya siku mbili tu" ndiyo kauli inayotangulia vyanzo kupotea.

20. Mwenye chanzo kafilisika au kafa. Nani anabaki nacho?

Kama muuzaji alifungwa na mkataba (swali la 12), kinarudi kwake. Kama sivyo, mzigo unaiangukia serikali, na Tume ina hifadhi ya taka za mionzi Arusha. Dalali anayeuza mali za kiwanda kilichofungwa asipige mnada kifaa asichokijua. Kilichotokea Goiânia kilianza na jengo lililohamwa.

21. Na taka za nyuklia za nje zikiletwa kutupwa huku?

Mkataba wa Bamako wa 1991 unapiga marufuku kuingiza Afrika taka za hatari, za mionzi zikiwemo, na Tanzania ni mwanachama. Pelindaba nayo inakataza kuzitupa ndani ya ukanda, baharini na nchi kavu. Mvuvi akikuta pipa geni ufukweni afuate swali la 16.

22. Kuna mtu ana "zebaki nyekundu" ya mabilioni. Inauzwa kwa nani?

Haiuzwi kwa mtu, kwa sababu haipo. Ni utapeli wa miongo mingi. Mwaka 2009 uvumi kwamba imo ndani ya cherehani kuukuu za Singer uliwafanya watu wa Saudi Arabia wazinunue kwa bei za kichaa. Anayekuja na "urani" kwenye chupa naye ana mambo mawili: ama ni uongo, na utapoteza fedha, ama ni kweli, na utapoteza uhuru, pengine na afya. Mpigie polisi, usiombe kuonyeshwa.

23. Na mdhibiti mwenyewe anadhibitiwa na nani?

Bunge, Wizara, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa upande wa fedha. Kwa upande wa kazi yenyewe, ni wale wakaguzi wa rika wa swali la 7.

Lipo jambo la kuangaliwa. Sheria ya 2003 imeipa Tume kazi mbili: kudhibiti mionzi na kuendeleza matumizi ya teknolojia ya nyuklia. Viwango vya Shirika vinataka mwamuzi awe huru, asifungamane na anayehamasisha. Wakati nchi ina eksirei na vipimo vya viwandani tu, unaweza kuishi hivyo. Urani ikianza kuchimbwa kwa wingi, na mazungumzo ya kinu yakiingia, kuzitenganisha kazi hizo ni hoja ya wabunge, na wa mkoa wetu wamo. Mwenye lalamiko la leseni au ukaguzi aandike kwa Tume kwanza, atunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha aende Wizarani.